Amri Hufutwa, Hukumu Hubaki

Habari za Marekani hutufikia vipande vipande, na kila kipande huja na kelele zake. Leo redio yasema jaji amesimamisha amri ya Rais. Baada ya wiki chache gazeti laandika kwamba mahakama imeiruhusu amri ile ile. Haupiti mwezi, twasikia imesimamishwa tena. Basi barazani, baada ya sala ya Isha, watu hugawanyika: hawa wasema Rais ameshindwa, wale wasema ameshinda, na kila upande una gazeti lake la kuonyesha. Ajabu ni kwamba aghalabu wote huwa wamesema kweli, ila kila mmoja ameshika siku yake.

Jambo hili si la kupitishia wakati tu. Wapo miongoni mwetu wenye jamaa Hadhramaut na Mogadishu, na wapo wenye wana waliokwisha kuhamia Minnesota na Ohio. Mtu kama huyu akisikia kwamba mahakama imefungua mlango, yu tayari kuuza dhahabu ya mkewe akakate tikiti. Akisikia umefungwa, hukata tamaa akaacha hata kufuatilia karatasi zake. Kwa hiyo yafaa tujifunze kuzisoma habari hizi kama zipasavyo kusomwa. Na mfano ulio bora wa kujifunzia ni ile kesi ya amri ya kuzuia wasafiri ya mwaka 2017, kwa kuwa ilitugusa sisi Waislamu, na kwa kuwa ilikwenda tangu mahakama ya chini hata ya juu kabisa, hukumu ikatoka.

Mwanzo wake ulikuwa maneno ya kampeni. Desemba 7, 2015, Donald Trump, wakati huo akigombea urais, alitangaza kwamba ataka Waislamu wazuiwe kabisa kuingia Marekani. Alishinda, akaapishwa, na wiki moja baadaye, siku ya Ijumaa, Januari 27, 2017, akatia saini amri. Raia wa nchi saba, yaani Iran, Iraq, Libya, Somalia, Sudan, Syria na Yemen, walizuiwa kwa siku 90. Wakimbizi wa kila nchi walizuiwa kwa siku 120, na wale wa Syria wakazuiwa bila kutajiwa siku. Amri ilishika papo hapo. Watu waliopanda ndege wakiwa na viza halali walitua wakakuta mlango umefungwa. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilisema viza karibu 60,000 zilibatilishwa kwa muda. Hata hapa kwetu Kenya, wakimbizi wa Kisomali waliokuwa wamekwisha kutolewa Dadaab, wakingoja ndege Nairobi, walirudishwa kambini.

Watetezi wa wasafiri wakakimbilia mahakamani, na hapo ndipo msomaji wa mbali huanza kupotea njia. Mahakama za serikali kuu ya Marekani ni ngazi ya vidato vitatu. Chini zipo mahakama za wilaya 94. Juu yake zipo mahakama za rufani 13. Kileleni ipo Mahakama ya Juu yenye majaji tisa. Majaji hao wote huteuliwa na Rais kwa idhini ya Seneti, na wakisha kukaa kitini hawatoki mpaka wafe, wastaafu kwa hiari, au waondolewe na Bunge kwa kosa kubwa. Gazeti likiandika tu "mahakama ya Marekani imeamua", halijakwambia kitu mpaka likwambie ni kidato gani.

Januari 28, usiku, jaji mmoja wa Brooklyn alizuia waliokwisha kuwasili wasirudishwe. Februari 3, Jaji James Robart wa Seattle aliisimamisha amri nchi nzima. Februari 9, majaji watatu wa mahakama ya rufani ya San Francisco wakakataa kuigusa kazi ya Robart. Wengi walisherehekea wakidhani kesi imekwisha, kumbe ilikuwa haijaanza kusikizwa. Robart hakuulizwa kama amri ni halali au si halali. Aliulizwa: wakati tukingoja kulisikiza shauri, amri iendelee kuuma watu au itulie? Akajibu itulie. Ni kama majirani wawili wagombanao kiwanja, mmoja amekwisha kuanza kupandisha ukuta. Hakimu akisema ukuta usimame kwanza, hajampa mtu yeyote kiwanja.

Serikali nayo haikung'ang'ania karatasi yake ya kwanza. Machi 6 iliandika ya pili, ikaiondoa Iraq. Machi 15, Jaji Derrick Watson wa Hawaii akaisimamisha hiyo nayo, katika shauri la jimbo la Hawaii pamoja na imamu mmoja wa Honolulu ambaye mama mkwe wake alikuwa Syria. Juni 26 Mahakama ya Juu iliruhusu sehemu yake, ikasema asizuiwe mwenye uhusiano wa kweli na mtu au taasisi iliyoko Marekani. Hapo likazuka swali ambalo huku Pwani lingechekesha: je, nyanya ni jamaa wa karibu? Serikali ilisema mzazi, mke, mtoto na ndugu wamo. Nyanya na babu hawamo. Jaji Watson akasema hata akili ya kawaida yajua kwamba wamo, na Mahakama ya Juu ikaliacha neno lake lisimame. Tusicheke sana lakini. Kulikuwa na watoto wa harusi na wagonjwa wa hospitali ambao kuonana kwao na nyanya zao kulitegemea tafsiri ya neno moja.

Septemba 24 ikaja karatasi ya tatu. Sudan imetoka, Chad, Korea Kaskazini na baadhi ya maofisa wa Venezuela wameingia, tena sasa bila ukomo wa siku. Hii ndiyo iliyofika kileleni. Desemba 4 Mahakama ya Juu iliiachia ifanye kazi, na Juni 26, 2018, majaji watano dhidi ya wanne wakaipitisha. Tangu amri ya kwanza hata hukumu ni miezi 17. Sisi ambao katiba yetu ya 2010 imeipa kesi ya uchaguzi wa Rais siku 14 tu, tena moja kwa moja katika Mahakama ya Juu, si ajabu tukidhani kila uamuzi tusikiao kutoka ng'ambo ndio wa mwisho.

Sasa tutazame waligombana nini, maana hapo ndipo penye kiini. Jaji Mkuu John Roberts, akiandika kwa niaba ya wale watano, alisema sheria ya uhamiaji ya mwaka 1952 yampa Rais uwezo wa kuzuia kundi lolote la wageni akiona kuingia kwao kuna madhara. Karatasi yenyewe haitaji dini, akasema, na nchi zile zina asilimia 8 tu ya Waislamu wa dunia. Maneno ya kampeni hakuyaficha. Aliyaeleza katika hukumu. Lakini alisema kazi ya mahakama haikuwa kuyalaani maneno, bali kupima karatasi, na karatasi ikiwa na sababu ya usalama inayokubalika, yatosha. Jaji Sonia Sotomayor alipinga vikali. Kwake yeye, mtu yeyote aliyeyasikia yale maneno tangu mwanzo angejua amri ile ilitoka wapi, na kuibadilisha nguo mara tatu hakuibadilishi asili yake.

Aliyepita chuoni hataona mjadala huu kuwa mgeni. Tulifunzwa tungali wadogo kwamba amali hupimwa kwa nia. Na wanazuoni wa fiqhi wana kauli mashuhuri kwamba kadhi huhukumu kwa dhahiri, siri akamwachia Mwenyezi Mungu. Mambo haya mawili hayagongani: la kwanza ni mizani ya Mola, la pili ni mpaka wa mwanadamu asiyeweza kuupasua moyo wa mwenziwe akaangalia. Roberts alisimama penye dhahiri. Ila yapo ya kumjibu. Kadhi huiacha siri kwa sababu ni siri. Nia iliyotangazwa mbele ya halaiki kwa kipaza sauti, ikarudiwa na kuandikwa, haijawa siri tena. Imekwisha kuwa dhahiri. Kwa maoni yetu hapo ndipo hukumu ile ilipokuwa dhaifu, na wanne waliopinga walikuwa na haki ya kupinga.

Katika hukumu hiyo hiyo lilitokea jambo jingine la kuzingatia. Mwaka 1944, wakati wa vita vikuu, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipitisha kufukuzwa makwao kwa watu wa asili ya Japani, wengi wao raia kamili wa Marekani. Zaidi ya watu 110,000 walitiwa kambini. Hukumu ile, ijulikanayo kwa jina la Korematsu, haikutamkwa na Mahakama hiyo kuwa ni kosa mpaka mwaka 2018, Roberts alipoandika kwamba ilikuwa makosa tangu siku ilipotolewa. Zaidi ya miaka 73 ilipita, na wengi wa waliodhulumiwa walikuwa wamekwisha kuzikwa. Sotomayor alisema jambo hilo ni jema lakini halitoshi, kwa kuwa wenziwe wanaizika hukumu mbaya huku wakizaa nyingine ya kufanana nayo.

Hapa ndipo wasomaji wetu wanapotakiwa wakaze macho. Amri ya Rais ni kitu cha kalamu, na kalamu huiondoa. Januari 31, 2020, orodha iliongezwa nchi sita, hata jirani zetu wa Tanzania wakaguswa kwa kufungiwa ile bahati nasibu ya viza. Januari 20, 2021, siku ile ile ya kuapishwa kwake, Joe Biden alizifuta zote. Watu wakapumua, wakasema yamekwisha. Lakini alichokifuta Biden ni amri. Hukumu ya mwaka 2018 hakuwa na uwezo wa kuifuta, nayo ikabaki vitabuni kama panga ndani ya ala. Trump aliporudi Ikulu alilikuta pale pale. Juni 4, 2025, alitoa tangazo jipya: nchi 12 zikafungiwa, Somalia, Yemen, Sudan, Libya na Iran zikiwemo, na nyingine saba, pamoja na Burundi, zikafungiwa nusu. Safari hii hapakuwa na fujo la mwaka 2017 viwanjani mwa ndege, maana mawakili wa pande zote walijua njia imekwisha kusawazishwa.

Kwa hiyo kila isikikapo habari ya namna hii, tuulize maswali matatu kabla hatujashangilia wala kulia. Ni mahakama ya kidato gani? Imeulizwa swali gani hasa? Na ni njia ipi iliyobaki wazi?

Tuyajaribu maswali hayo kwa habari nyingine. Januari 20, 2025, Trump aliamuru kwamba mtoto azaliwaye Marekani asitambuliwe kuwa raia, ikiwa mama yake yuko huko bila kibali au kwa muda tu, na baba si raia wala mkaazi wa kudumu. Majaji wa wilaya waliisimamisha nchi nzima, kwa kuwa rekebisho la katiba la mwaka 1868 lawapa uraia wazaliwa wa nchi hiyo. Juni 27, 2025, Mahakama ya Juu iliamua, sita dhidi ya watatu, na wengi wakatangaza kwamba uraia wa kuzaliwa umekufa. Ulikuwa haujafa. Kidato kilikuwa cha juu, ni kweli, lakini swali halikuwa la uraia. Lilikuwa hili: je, jaji mmoja wa wilaya anaweza kuizuia serikali dhidi ya watu wote nchini, hata wasiokuwa katika shauri lake? Jibu likawa kwamba, kwa kawaida, hawezi. Njia iliyobaki ilikuwa shauri la kundi zima, na Julai 10 jaji wa New Hampshire aliwakubali watoto hao kama kundi moja, akaisimamisha amri kwa njia hiyo.

Jambo la mwisho ni hili la kuwahesabu majaji kwa marais waliowateua. Kileleni hesabu hiyo yasaidia: wale watano wa mwaka 2018 wote waliteuliwa na marais wa Republican, na wanne waliopinga wote na wa Democrat. Lakini Robart wa Seattle, aliyeisimamisha amri ya kwanza, aliteuliwa na George W. Bush wa Republican. Asiyetazama ila jina la chama atakosa.

Mwenye jamaa anayesubiri viza asifanye haraka kwa neno la redio, wala asimsikize wakala anayemwambia mlango umefunguka, lete pesa. Amuulize wakala huyo: mahakama gani, swali gani, na njia gani iliyobaki? Akibabaika, basi na afunge kibeti chake. Na sisi tuandikao magazetini tuna wajibu wa kuyajibu maswali hayo matatu katika kila habari tuitoayo, maana kichwa cha habari chenye neno moja pungufu chaweza kumla mtu akiba ya miaka kumi.