NANI ALIZIFICHA RISASI ZA MAREKANI?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kumjibu mwanachama mwenzetu, ambaye jina lake nalihifadhi kwa heshima, aliyesimama katika mazungumzo yetu ya Jumamosi akasema ya kuwa kila bidhaa ipungukapo, katika nchi yo yote ile, mkono wa Serikali umo ndani, na makarani wa bohari ndio wajuao ilikofichwa. Akatoa mfano wa risasi za bunduki huko Marekani. Watu wakacheka na kupiga makofi, wala hapana aliyemwuliza hesabu. Mimi ni karani wa bohari, na hesabu ndiyo kazi yangu. Basi na tuifungue leja.

Yafaa msomaji ajue kwanza ya kuwa mahali pengi huko Marekani mtu huingia dukani akanunua kisanduku cha risasi karibu kwa wepesi ule ule tununuao sisi kibiriti, ijapokuwa sheria za majimbo hazifanani. Wakulima hununua, wawindaji hununua, na wazazi huwanunulia vijana wao risasi ndogo ya .22 wapate kujifunza shabaha na kupiga sungura. Kabla ya mwisho wa mwaka 2012 risasi hiyo ndogo ilipatikana kwa senti 4 au 5 za dola, na hapana aliyeiwekea akiba kubwa, kwa kuwa hapana aliyedhani itakwisha.

Tarehe 14 Desemba, 2012, mtu mmoja aliwaua watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya Sandy Hook, mjini Newtown, jimbo la Connecticut. Baada ya msiba huo yakatokea maneno ya sheria mpya za silaha. Waliokuwa na bunduki wakaingiwa na hofu, wakaenda madukani. Waliokuta rafu zimepungua wakachukua zaidi ya walivyokusudia, na waliokuta rafu tupu wakaapa kwamba siku nyingine watakuja alfajiri. Sheria kubwa waliyoiogopa ilikataliwa katika Baraza la Seneti tarehe 17 Aprili, 2013. Je, risasi zilirudi siku ya pili yake? Hazikurudi. Ile ya .22, ambayo muswada ule haukuipiga marufuku hata kidogo, iliendelea kuwa adimu kwa miaka, na watu walijua siku gari la mzigo lifikapo wakapanga foleni, tena wako walionunua asubuhi wakauza jioni kwa bei maradufu.

Hapo ndipo ilipozuka hadithi ambayo mwenzetu ameiokota. Ilisemwa ya kuwa Idara ya Usalama wa Ndani ya Marekani imenunua risasi bilioni 1.6 ili wananchi wasipate. Nawaomba makarani wenzangu waitazame tarakimu hiyo kwa macho ya kazi. Ilikuwa ni jumla ya viwango vya juu katika mikataba ya miaka kadha, yaani kiasi ambacho idara ingeruhusiwa kuagiza ikitaka. Karani ye yote wa bohari ajua tofauti iliyopo kati ya kibali cha kuagiza na hati ya kupokea mali. Mtu achukuaye kibali akakisoma kama hati ya mapokezi, kwetu angetolewa katika meza yake kabla ya saa sita.

Malalamiko yakafika kwa Ofisi ya Ukaguzi ya Bunge la Marekani, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 2014. Wakaguzi waliona ya kuwa tangu mwaka wa fedha 2008 hata 2013 idara ile ilinunua wastani wa risasi kama milioni 109 kwa mwaka, kwa watumishi wake wapatao 70,000 wachukuao silaha, tena manunuzi hayo yalikuwa yakipungua tangu 2009. Gawanyeni wenyewe: ni kama risasi 1,550 kwa mtumishi mmoja kwa mwaka, pamoja na zile za mazoezi. Viwanda vya nchi ile hutoa risasi kwa mabilioni kila mwaka. Kikombe kimoja cha Serikali hakiwezi kuukausha mto huo, na mwenzetu angeyajua haya kama angeuliza kabla ya kusimama.

Lawama ya namna hii twaijua sana sisi watumishi. Mteja akikosa sukari, karani ameila. Akikosa dawa, karani ameiuza. Wakati mwingine ni kweli, na mwizi wa bohari asitetewe na chama hiki wala na mtu mwingine. Lakini watu wazima wa Tanzania wanayakumbuka maduka matupu ya mwanzo wa miaka ya 1980, na msako wa walanguzi wa mwaka 1983, jinsi mali ilivyotolewa chini ya vitanda na nyuma ya kuta. Waliokuwa wameificha hawakuwa watumishi peke yao. Majirani walikuwamo, nao ndio waliokuwa wakilalamika kwa sauti kubwa.

Mwaka 2020 Marekani ikarudia jambo lile lile kwa ukubwa zaidi. Maradhi ya korona, ghasia za mijini na uchaguzi viliwapeleka watu madukani. Uchunguzi wa wanunuzi wa silaha ufanywao na F.B.I. ulikuwa kama milioni 28.4 mwaka 2019, ukafika kama milioni 39.7 mwaka 2020. Si kila uchunguzi ni bunduki moja, lakini mwelekeo wauonyesha. Chama cha wafanya biashara ya silaha kilikisia ya kuwa zaidi ya watu milioni 8 walinunua bunduki kwa mara ya kwanza katika mwaka huo. Kila mmoja wao akichukua visanduku 2 tu vya risasi 50, hizo ni risasi milioni 800 ambazo mwaka uliotangulia hazikuwa na mwenyewe.

Wala sitaki kuyaficha mengine yaliyokuwako. Kampuni ya Remington ilifilisika Julai 2020, na kiwanda chake cha risasi cha Lonoke, Arkansas, kikapita katika mikono mipya. Fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, hutengenezwa nchini humo na makampuni machache ya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na pasipo fataki risasi ni chuma tu. Tena mwezi Agosti 2021 Serikali ilitangaza kutotoa vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi, ambazo zilikuwa rahisi. Hilo ni la Serikali, na nalisema. Lakini lilikuja wakati rafu zilikuwa tupu zamani.

Linaloniudhi hasa katika habari hii ni nani aliyeumia. Mwenye fedha alikuwa na maelfu ghalani kwake, na hajui atayafyatua lini. Mwindaji maskini wa kijijini ahitaji kisanduku kimoja cha risasi 20 kwa msimu mzima: chache za kurekebishia shabaha, moja au mbili za kulungu atakayelisha nyumba yake. Viwanda vikaelekea kutengeneza risasi zilizogombewa zaidi na watu wa mijini, na zake za .30-30 au .243 zikangoja zamu.

Mtu wa namna hiyo, akiisha kuzunguka maduka matano, huchukua iliyopo, si iliyo yake, na hapo mashaka huwa ya damu. Bunduki iliyochongwa .223 Remington huipokea risasi ya kijeshi ya 5.56, kwa umbo zafanana kama pacha, lakini ya kijeshi huweza kusukuma kwa nguvu ipitayo kipimo cha chemba ile. Iko nyingine iitwayo .300 Blackout, ambayo ganda lake limetokana na lile la .223. Huingia katika magazini ile ile, na kichwa chake ni kinene kupita mtutu. Ikifyatuliwa katika bunduki ya .223, mtutu waweza kupasuka usoni pa mwenyewe. Wako pia waliouziwa risasi zilizojazwa upya na mtu wasiyemjua, hajulikani ametia baruti kiasi gani. Na risasi kuukuu za kijeshi za nchi za mashariki, nyingi zina fataki yenye chumvi ivutayo unyevu, hata mtutu usipooshwa kwa maji ya moto siku ile ile hushikwa na kutu.

Basi mnunuzi mwenye akili husoma kwanza maandishi yaliyochongwa katika mtutu wake, kisha yale yaliyo kitakoni pa risasi, na visipopatana huiacha hata kama ni ya mwisho dukani. Tena akibadili uzito wa kichwa hujaribu shabaha upya, maana bunduki ile ile haitapiga pale pale. Hununua ya msimu wake akaondoka.

Mwanzoni mwa 2013 Walmart iliweka kikomo cha visanduku 3 kwa mteja kwa siku, na wako waliokiita kikomo hicho dhuluma. Mimi nasema kingewekwa mapema zaidi, na katika kila duka. Sisi twaugawa mgawo kwa daftari, jina kwa jina, na aliyechukua jana husubiri; hapana aliyekufa kwa kusubiri.

Mwenzetu aliyesema Jumamosi ana haki ya kujibu, nami naamini Mhariri hatamnyima nafasi. Namwomba jambo moja tu, ajapo aje na hati ya mapokezi, asije na kibali.

Ni mimi,
KARANI WA BOHARI