Uchungu wa Masaki mnausifia, wa Rombo mnautema!

Leo nina jambo limenikaa kooni. Jina la mtu sitaji, wenye macho mlishaona wenyewe.

Kuna staa wetu mmoja wa hapa hapa Dar, miezi michache nyuma alialikwa harusini Rombo. Wazee wakampa heshima, wakamkabidhi kata ya mbege. Kapiga funda moja, katema pembeni huku kamera inamfuata, kacheka eti kapewa maji ya magome. Video ikatembea, watu wakamwaga emoji za kucheka mpaka basi. Sasa juzi kati huyo huyo kaonekana Masaki kashika glasi ya bia ya krafti, ile aina inayoitwa IPA. Kafumba macho, anatuambia uchungu wake ndo utamu wenyewe, ila sio kila mtu anaweza kuuelewa.

Hapo ndo nikasema hapana, leo tuongee.

Kabla hamjanivamia kwenye komenti niweke wazi: mimi pombe sinywi. Ni Mpemba wa Shumba, nimelelewa hivyo na niko hivyo. Lakini jirani yangu tunayepanga nyumba moja ni mshkaji wa Rombo, na anapika pombe yake mwenyewe ya kunywa nyumbani. Uwani ni kwetu sote, kwa hiyo macho yameona na pua imenusa.

Huyu mshkaji aliletewa pakiti ya hopsi na ndugu yake anayeishi nje. Kwa wasiojua, hopsi ni maua ya mmea unaopanda kwenye kamba, na ndo yanayoipa IPA ule uchungu. Ukiyachemsha muda mrefu yanatoa uchungu. Ukiyatia mwishoni wakati moto unazimwa, yanatoa harufu: kuna ya machungwa, kuna ya embe, kuna ya majani mabichi. Yeye mara ya kwanza hakulijua hilo. Akatia pakiti nusu nzima mwanzoni, ikachemka saa nzima. Siku ya kuonja alikunja uso kama mtoto aliyenyweshwa mwarobaini. Sufuria zima likaenda mtaroni.

Mara ya pili akagawa. Kidogo mwanzoni, kingi mwishoni. Akanywa taratibu, siku hiyo nusu glasi, kesho yake nusu nyingine. Baada ya wiki kama mbili ndo akaanza kuitamani. Halafu akaniambia kitu sijakisahau: sasa ndo kaelewa mama yake anafanya nini.

Maana mbege nayo ina uchungu wake. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa zichache, zinachujwa, halafu zinachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Na humo ndani kuna msesewe, gome la mti. Likizidi, pombe haimezeki. Likipungua, unabaki na kitu kitamu kama uji wa mtoto. Mama yake hana mizani wala kitabu, anaonja tu na anajua. Yani kazi ile ile inayofanywa na hopsi kwenye IPA, kwenye mbege inafanywa na gome. Kwa hiyo bwana staa, ni kweli ulipewa maji ya magome. Na Masaki ukapewa maji ya maua.

Tuambizane ukweli. Hakuna aliyezaliwa anapenda uchungu. Ulimi unaukataa tangu utotoni kwa sababu sumu nyingi za mimea ni chungu, hiyo ndo kinga yetu. Kuupenda ni kufundishwa. Sisi Pemba tunafundishwa barazani: kikombe kidogo cha kahawa chungu, pembeni kipande cha halua. Mtoto unakula halua, kahawa unaimwaga kisirisiri. Mwaka unaofuata unamaliza nusu kikombe. Siku moja unashtuka unaitaka kahawa hata halua isipokuwepo. Mchunga wa nazi vile vile, mara ya kwanza unalia, ukubwani unauliza kama upo.

Na mimi sio malaika. Miaka miwili nyuma babu yangu alikuja Dar kutibiwa macho, akaja na dele lake la kahawa kutoka Shumba. Siku washkaji zangu walipokuja geto, nililisukuma lile dele chini ya kitanda. Niliona ushamba. Na wiki hiyo hiyo nilikuwa nimelipia espresso kwa bei ya chakula cha mchana, nikaipiga picha, nikaposti! Uchungu ule ule, kikombe kidogo kile kile. Babu hakunigombeza. Asubuhi aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, hili dele limekufanya nini?" Mpaka leo sina jibu.

Ndo maana ile video iliniuma. Na kuna mtu imemuuma zaidi. Dada wa huyu mshkaji anaolewa Desemba, na ndugu zake wa mjini wanasema mbege isiwepo, ziletwe kreti za bia tu, wasije wakarekodiwa wakachekwa. Mama, ambaye harusi zote za pale kijijini yeye ndo mpishi wa mbege, kaambiwa safari hii apumzike. Kwenye harusi ya mwanawe wa kumzaa!

Sisemi kila mtu aipende mbege. Usipoipenda, rudisha kata kwa mikono miwili, sema asante mama, imetosha. Na IPA sio kitu kibaya, mshkaji wangu anaipenda kweli, na ameitolea jasho. Ninachosema ni hiki: IPA uliipa glasi ya pili, ya tatu, mpaka ulimi ukazoea, kwa sababu watu wa Masaki walikuwa wanakuangalia. Mama wa Rombo hukumpa hata funda la pili.

Mshkaji kaniambia ataenda kikaoni kuipigania mbege ya mama yake. Mimi dele la babu siku hizi linakaa mezani, anayekuja anamiminiwa.

Haya wadau, mngekuwa nyie kwenye hicho kikao cha harusi mngesemaje? Mbege iwepo au isiwepo? Na ulishawahi kuficha kitu cha kwenu kwa kuogopa kuchekwa? Shusha komenti hapo chini, ila matusi hapana.