Wasimamizi wa Intaneti Watoe Sababu

Intaneti siku hizi ni maktaba ya mwalimu na ya mwanafunzi. Kwa hivyo, yafaa tujiulize ni nani mwenye haki ya kuyaamuru makampuni yanayotuuzia huduma hiyo.

Mwaka 2024, mtihani wa KCSE ulipokuwa ukifanywa, Mamlaka ya Mawasiliano iliyaagiza makampuni ya simu kuufunga mtandao wa Telegram saa za mtihani ili kukomesha udanganyifu. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, mlango uliofungiwa walaghai ulifungiwa pia mwalimu na mwanafunzi wa chuo waliopokezana maandishi ya masomo humo humo.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni kuipokonya Mamlaka uwezo huo na kuwakabidhi wabunge. Hoja yao ni kuwa wabunge walichaguliwa na wananchi, ilhali mwenyekiti wa bodi ya Mamlaka huteuliwa na Rais. Sikubaliani nao. Kugawa masafa, kutoa leseni na kupima ubora wa huduma ni kazi ya wataalamu. Isitoshe, mwanasiasa ndiye anayesutwa kila uchao mitandaoni. Kumfanya mwamuzi ni kupeleka kesi ya nyani kwa ngedere.

Walimu wanalielewa jambo hili vyema. Msahihishaji wa mtihani hachaguliwi kwa kura, lakini twaikubali hukumu yake kwa sababu anafuata mwongozo, na mtahiniwa asiyeridhika ana njia ya kulalamika. Mamlaka nayo ipimwe kwa kipimo hicho.

Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Basi amri yoyote ya kufunga mtandao itangazwe hadharani mapema, ieleze sababu na muda wake, na iidhinishwe na jaji kabla ya kutekelezwa. Mahakama Kuu ilikwisha kuonyesha kwamba inaweza kazi hiyo: Mei 2025 ilitoa amri ya muda kuizuia serikali kukatiza intaneti.

Wabunge nao wana wajibu wao, nao ni kuyaandika masharti hayo katika sheria. Mamlaka isiyochaguliwa na wananchi yaweza kutuhudumia vyema, mradi ilazimike kutujibu tunapoiuliza.