Kitabu cha Kuchukua Safarini

Msomaji kijana, ikiwa wakaa Changamwe, Likoni au Kisauni, na moyo wakutuma siku moja kwenda hija kwa miguu hadi Namugongo, katika Uganda, walikochomwa moto mashahidi wa imani tarehe 3 Juni 1886, jambo la kwanza watakalokuuliza wenzako ni viatu. Mimi nakuuliza kitabu. Wako watu wanunuao kitabu cha kuongozea njia kama wanunuavyo kanga: hutazama rangi ya nje, wakalipa, wakaenda zao. Desturi hii naipinga kwa nguvu zangu zote. Kanga mbaya humwaibisha mvaaji tu. Kitabu kibaya chaweza kumwua msomaji wake.

Itazame njia yenyewe. Urefu wake wapita kilometa 1,000. Ukiiacha Mariakani waingia nyika ya Taru, ambayo misafara ya zamani iliihofia kwa kiu yake. Mbele ya Voi barabara yapita kati ya hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, nchi ya ndovu na simba. Ni huko ambako simba wawili waliwala wajenzi wa reli mwaka 1898. Hapo mwenye akili hupanda gari, akashuka ng'ambo, akaendelea na mwendo wake, wala hija yake haipungui thamani. Sasa fungua vitabu viuzwavyo kwa watalii. Utasoma kurasa tele za mchanga mweupe wa Nyali na Diani. Changamwe, ikitajwa, ni mahali pa kupita kwenda uwanja wa ndege. Na Tsavo ni ya kutazamwa kwa dirisha la gari. Haviwaambii waendao kwa miguu maji yako wapi. Vitawaambiaje, na waandishi wake hawakutembea?

Utanijibu kwamba mtu wa elimu aweza kuijua njia bila kuikanyaga. Basi sikiliza. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai, karibu tu na kwenu, aliiona theluji ya Kilimanjaro kwa macho yake. Huko London alikuwako W. D. Cooley, bingwa wa ramani na msomaji mkubwa, asiyepata kuiona nchi hii. Akakana kuwa mlima ule una theluji, akashikilia ukanaji wake miaka mingi. Elimu alikuwa nayo. Na Rebmann mwenyewe, kitabu chake kilikuwa mtu: Bwana Kheri, kiongozi wa msafara, aliyezijua njia za bara.

Tazama pia mwaka wa kupigwa chapa. Kitabu cha kabla ya 1980 kitamwambia mtu wa Kisauni avuke kwa daraja la kuelea la Nyali, ambalo haliko tena. Kilichotoka kabla ya 2017 hakiijui stesheni ya reli mpya ya Miritini. Mimi nilipata kulipa fedha nzuri kwa kitabu kizee chenye jalada jipya, na aibu ile sijaisahau.

Tena kuna mvua. Ukienda kilometa 30 kwa siku, na sikukuu ni tarehe 3 Juni, yakupasa kuondoka mwezi wa Aprili, yaani katikati ya masika. Kitabu kisemacho tu kwamba miezi hiyo si mizuri kwa safari hakikufai kitu, maana sikukuu haiahirishwi kwa ajili ya matope. Kile kikutajiacho msikiti wa Mackinnon Road, penye kaburi la Seyyid Baghali Shah, ambapo madereva na abiria husimama kuomba dua, na hekalu la Masingasinga la Makindu, ambalo huwalisha wapitaji bila kuwauliza dini wala malipo, chakufaa kuliko orodha ya hoteli ishirini.

Wengine hucheka, wakasema kuuliza si ujinga, kitabu cha nini? Vema, lakini katika Taru waweza kwenda kitambo kirefu pasipo kumwona wa kumwuliza.

Kwa hiyo uingiapo dukani, usianze na picha. Tafuta ukurasa wa njia ya kutoka Mariakani hadi Voi. Kama neno maji halimo, kirudishe kitabu rafuni, umwage muuzaji kwa heshima.