Staa wa Dom kubadili bushi uani siyo kufulia, tatizo ni ile jeki

Wikiendi hii Idodomya ilichafuka mitandaoni. Kisa ni klipu ya mchekeshaji mmoja maarufu (jina kapuni, ila wengi wanamjua kwa ile Mark II yake nyeupe) akiwa kalala chini ya gari uani kwake Ilazo, mikono imejaa grisi, anabadili bushi za wishiboni.

Komenti zikamiminika. "Kafulia huyo." "Kwani mafundi wameisha mjini?" Mwenzake wa fani hiyohiyo, naye jina kapuni, akaposti picha kaegemea gari lenye rimu mpya zinazong'aa, akaandika eti kila mtu na levo zake.

Haya, ukweli usemwe. Kufulia ni kuendesha gari inayogonga huku umeongeza muziki ili abiria wasisikie. Huyo mwenye rimu, waliowahi kupewa lifti naye wanasema kila tuta chini kunalia ko-ko-ko, utadhani kuna mtu anabisha hodi.

Bushi ni raba iliyogandishwa kwenye chuma, inakaa pale wishiboni inapoungana na gari. Inameza mtikisiko na kuliweka tairi mahali pake. Sasa Mark II ya GX110 ilianza kutoka mwaka 2000. Raba ya umri huo ikishakula jua la Dodoma, vumbi la Nzuguni na matuta ya Kibaigwa, lazima ipasuke tu. Gari inaanza kugonga, tairi linaliwa upande mmoja, na ukishika breki usukani unavuta pembeni. Ile stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo haishikilii tairi. Kwa hiyo mtu aliyeijua shida ya gari yake na kuamua kuitibu kwa mikono yake, apewe maua yake.

Ila mashabiki wake nao wasijifanye hawajaona. Klipu ile ina makosa, na moja lingeweza kumuua.

Gari ilikuwa juu ya jeki peke yake, na yeye kifua kizima kipo chini. Jeki ni ya kuinulia, siyo ya kushikilia. Kwenye mchanga wa uani inazama au inateleza, na gari haipigi honi ikitaka kudondoka. Kinachotakiwa ni ardhi ngumu, stendi mbili za chuma, na matairi ya nyuma yawekewe vigingi. Tofali hapana, maana linapasuka ghafla.

La pili, kabana nati zote tairi likiwa linaning'inia, kashusha gari, muziki, mwisho wa klipu. Hapo ndipo kazi yote ilipoharibika. Bushi ya raba ya aina ile haizunguki kama beringi, inajipinda. Ukikaza gari ikiwa hewani, ikishuka chini raba inabaki imejisokota siku zote, inachanika kabla ya wakati wake. Nati zile unazishikiza kwanza, gari ikishakaa na uzito wake kwenye matairi ndiyo unazikaza kabisa.

La tatu, kapaka grisi ili bushi iingie kirahisi, kisha kagonga kwa nyundo. Grisi ya kawaida inaivimbisha raba na kuiharibu, maji ya sabuni yanatosha. Na nyundo inaweza kupinda bushi mpya kabla haijaanza kazi. Hakuna aibu kufungua wishiboni nyumbani, kuipeleka gereji yenye presi wakakuingizia bushi, halafu ukarudi kufunga mwenyewe. Bado ni kazi yako. Muhimu uweke alama bushi ya zamani ilikaa upande gani, na ubadili kulia na kushoto kwa pamoja.

Kisha alaimenti. Hiyo hakuitaja kabisa, wakati ukishagusa wishiboni lazima matairi yapimwe upya, la sivyo unakula matairi mapya kama karanga.

Mtu atasema, "Si ni klipu tu ya kufurahisha?" Hapana. Staa akilala chini ya jeki, nyuma yake kuna dogo wa Nkuhungu ambaye keshokutwa ataingia chini ya Vitz ya mshua wake hivyohivyo. Huyo dogo hana wafuasi wa kumchangia hospitali. Ukiwa na jina, unachoposti ni darasa, hata kama ulitaka kiki tu.

Kuomba radhi siyo lazima. Arudi chini ya gari ileile, safari hii ikiwa kwenye stendi, alegeze zile nati, aikalishe gari kwenye matairi, azikaze upya, aende akapime alaimenti, na yote ayaposti. Klipu hiyo haitachekesha, ila itaokoa watu. Na yule wa rimu aje na yake: azime muziki, apite kwenye tuta moja tu la mtaani, watu wasikilize.

Wadau, kati ya hawa wawili nani kafulia? Dondosha komenti yako hapo chini.