Gunia la unga lije na karatasi ya maabara

Ndugu wanakoperative wa Kasongo na Kabambare,

Unga wenye kuongezewa vitamini ni kitu kizuri, na koperative inayotaka kuutengeneza na mahindi na soya yake tunaipongeza. Lakini kuandika vitamini juu ya gunia ni jambo moja, kuwa nayo ndani ni jambo lingine.

Tuchukue folate, ndiyo vitamini B9. Inasaidia damu, tena inasaidia ubongo na uti wa mgongo wa mtoto kujifunga vizuri. Kazi hiyo inaisha karibu siku 28 tangu mimba kuingia, wakati wamama wengi hawajajua bado kama wana mimba. Kwa hiyo folate inapashwa kuwa tayari ndani ya chakula cha kila siku.

Sasa tuhesabu. Tukiweka miligramu 2 kwa kilo, gunia la kilo 50 linapata miligramu 100. Hiyo haifikii uzito wa punje moja ya mahindi! Mchanganyo ukiwa mbaya, kikombe kimoja kinapata nyingi, kingine hakipati kitu. Na mwanga na joto vinaiharibu, nanyi munajua namna magunia yanavyolala njiani na ndani ya depo za mabati.

Jicho na ulimi haviwezi kuigundua. Wengine wanapima chuma tu, juu ni rahisi: dawa kidogo juu ya unga, madoa mekundu yanatokea. Lakini chuma hakiharibiki na mwanga. Kukiona siyo kuona folate. Folate inataka maabara. Kipimo kimoja cha tangu zamani kinatumia bakteria isiyoweza kuota bila folate: ikiota sana, folate ni nyingi, ikidumaa, ni kidogo. Ni kama mahindi katika udongo wenye samadi na katika udongo uliochoka.

Basi, maoni yetu ni haya. Kila anayeleta unga wa vitamini, hata sisi mashirika, alete karatasi ya maabara yenye namba ya loti ileile iliyo juu ya gunia. Sampuli zitoke katika magunia mbalimbali, na zipimwe tena kisha unga kufika huku. Koperative nayo isiandike vitamini juu ya mfuko wake mbele ya kupimisha. Kipimo kina bei, ndiyo. Koperative mbili tatu ziungane, zitume sampuli pamoja.

Mtu atasema: mwenye njaa hangoji karatasi. Ni kweli, uji uliwe. Maharagi, karanga na lengalenga nazo zina folate yake, tusiziache. Lakini mama anayelipa bei ya vitamini ana haki ya kuipata.

Wakileta gunia kwenye mkutano wenu, musiulize bei tu. Ulizeni: limepimwa wapi, na lini?