AFYA YETU: Kuumia Tumboni Bila Jeraha



Tuseme kijana wa Ilembo, Mpanda, ameanguka kutoka juu ya mwembe. Ngozi haikuchubuka. Lakini tumbo linamuuma upande wa kushoto, chini ya mbavu. Je, ameumia? Huenda ameumia sana.

Chini ya mbavu za kushoto kuna bandama. Upande wa kulia kuna ini. Viungo hivi vina damu nyingi. Vikipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo, wala hatuioni. Malaria huvimbisha bandama, na bandama iliyovimba hupasuka upesi. Mkoa wetu wa Katavi una malaria. Kwa hiyo tuwe waangalifu.

Zamani bandama ikipasuka, madaktari waliiondoa. Lakini bandama hupigana na vijidudu vya maradhi. Mwaka 1952 madaktari King na Shumacker wa Marekani walieleza kuwa watoto wachanga walioondolewa bandama walipata maradhi makali. Mwaka 1968 madaktari wa Toronto, Kanada, walieleza kuwa watoto wengine hupona bila kupasuliwa. Siku hizi hata watu wazima wengi hutibiwa hivyo, ikiwa hali yao ni tulivu.

Matibabu yenyewe ni haya. Mgonjwa hulazwa hospitali. Hupimwa mapigo ya moyo na shinikizo la damu mara kwa mara. Hupimwa wingi wa damu, na tumbo hupigwa picha. Akipungukiwa damu, huongezewa. Damu ikizidi kutoka ndani, hupasuliwa mara moja.

Ndugu wengine husema, "Hapasuliwi, amelala tu. Twende naye nyumbani." Hilo ni kosa. Kutopasuliwa si kutotibiwa. Bandama inaweza kutoa damu tena baada ya siku kadhaa, na nyumbani hakuna wa kumwokoa.

Basi tukumbuke:

1. Mtu akiumia tumboni, tumpeleke hospitali siku ile ile.

2. Tusimkande tumbo. Tusimpe chakula wala dawa za kienyeji.

3. Dalili za hatari ni kizunguzungu, jasho la baridi, tumbo kuvimba, na maumivu ya bega la kushoto.

4. Tusimwondoe hospitali mpaka daktari aseme.

5. Akirudi nyumbani, asilime, asibebe mizigo wala asicheze mpira mpaka daktari amruhusu.

6. Wenye afya tujitolee damu. Damu ya jirani ndiyo itakayomwongezea mgonjwa.

Ukimaliza kusoma, msomee na jirani yako.